Mdomo wa Birika

Katika chumba cha wachora ramani, kata kumi na nne za wilaya ile hazikuitwa kwa majina yake. Majina yalikuwa ya barua na ya wakubwa. Mezani, pale penye wino na raba, kulikuwa na Kuku Anayetaga, Kiatu cha Kushoto, Pasi, Sikio, Nyundo Isiyo na Mpini, na kuendelea hivyo mpaka zote kumi na nne zikaisha. Kata ya mashariki kabisa, yenye tumbo la mviringo na kishikio kilichopinda kwa nyuma, ilikuwa Birika. Mgeni aliyeingia akasikia mtu anasema, "Nipitishie Pasi, Kuku bado hajakauka," angeweza kuapa kwamba amepotea njia akaangukia jikoni kwa watu wasio na akili timamu.

Desturi hiyo aliianzisha Mzee Rula, mkuu wa wachoraji wa enzi zile, mtu mrefu, mkavu, aliyenyooka kama hiyo rula aliyoitiwa. Aliamini kwamba jicho husahau mistari lakini halisahau vitu. Kila mchoraji mpya alikalishwa kwenye kiti, akafungwa macho kwa leso, akapewa penseli na kuambiwa, "Nichoree Kuku." Wengi walichora kitu ambacho kuku mwenyewe angekikana. Ni mmoja tu aliyewahi kuchora kata zote kumi na nne akiwa amefungwa macho bila kukosea hata kona, naye alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili aliyechomeka penseli kwenye nywele kama wenzake walivyochomeka chanuo. Siku hiyo akapewa jina la Bi Kalamu, na Mzee Rula akatangaza mbele ya chumba kizima kwamba mkono ule haukosei.

Sifa nayo ni mzigo, na huyu alitwishwa mapema. Ukishaambiwa mkono wako haukosei, siku unapokosea huna pa kwenda kusema. Sasa Bi Kalamu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, ndiye mkuu wa chumba, penseli ingali kwenye nywele ambazo nusu yake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, na kwa miaka kumi hakuwa ameshika birika la chai bila kuona haya.

Jumatatu moja binti wa kompyuta alimwita. Ofisi ilikuwa inahamisha ramani zote kutoka kwenye karatasi, na binti huyu aliletwa kwa kazi hiyo. Alikuwa na adabu na macho makali, mchanganyiko mbaya sana kwa mtu mwenye siri.

"Mama, hebu njoo unisaidie," alisema, akimsogezea kiti. "Kata zote zimekaa vizuri juu ya picha ya setilaiti. Hii ya mashariki ndiyo inanisumbua. Ona, mto unapita hapa, na mpaka unaufuata vizuri tu. Halafu ghafla unaruka mto, unatoka nje kama, sijui niseme kama nini."

"Kama mdomo wa birika," alisema Bi Kalamu.

"Ehe. Unaruka ng'ambo, unazunguka nyumba kama thelathini hivi, halafu unarudi zako mtoni. Mpaka gani huo unaotoka matembezini kuzoa nyumba za watu? Sasa nifuate karatasi au nifuate mto?"

Bi Kalamu alitoa penseli kwenye nywele, akairudisha.

"Fuata karatasi. Karatasi ina sahihi."

"Sawa, mama. Basi Ijumaa na wewe utaniwekea sahihi, nifunge. Mkuu wa ofisi amesema nikishafunga hapafunguki tena kirahisi, mtu akitaka kubadili itabidi baraza zima likae."

"Ijumaa," alisema Bi Kalamu, akaondoka haraka kama mtu aliyeacha kitu motoni.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na miwili nyuma mvua ilinyesha siku tatu mfululizo na paa la ofisi likavuja, jambo ambalo halikumshangaza mtu kwa sababu paa hilo lilikuwa limeshaandikiwa barua tano. Maji yaliingia droo ya tisa na kuila karatasi ya Birika upande wa magharibi, wino ukasambaa ukawa doa la buluu. Karatasi mpya ilitakiwa kabla ya wiki kwisha, ipelekwe kuchapishwa. Utaratibu ulijulikana. Ukipoteza mstari, unashuka stoo, unatafuta daftari la wapima ardhi la kata hiyo, unasoma vipimo vyao jiwe la mpaka baada ya jiwe, unachora upya. Ni kazi ya siku mbili, na vumbi lake unalikohoa wiki nzima. Mzee Rula mwenyewe alimwambia, "Shuka stoo." Bi Kalamu akacheka. "Birika, mzee? Birika naichora usingizini."

Hakushuka. Hakuwa na mgonjwa nyumbani, hakuwa na safari, hakuwa na haraka ya kitu chochote, na hilo ndilo lililomchoma baadaye, kwamba hakuwa hata na kisingizio cha kujipoza. Yalikuwa majivuno matupu. Alifumba macho, akaliona birika, akalichora. Kumbe birika aliloliona halikuwa la kata. Lilikuwa lile la bati la marehemu mama yake, lililokaa jikoni kwao utoto wake wote, lenye mdomo mrefu ulioinuka mbele. Birika la kata mdomo wake ulikuwa mfupi, kinundu tu kilichoishia mtoni. Mkono usiokosea ukachora mdomo wa birika la mama, ukavuka mto, ukawazoa watu waliokuwa wamelala nyumbani kwao bila kujua lolote.

Mzee Rula aliutazama mstari, safi kama kawaida, akatia sahihi. Karatasi ya Kuku, iliyopakana nayo, ikarekebishwa na mchoraji mwingine ilingane na mpya. Mambo yakaisha, au ndivyo yalivyoonekana.

Miaka miwili baadaye Bi Kalamu alishuka stoo kutafuta kitu kingine kabisa, na daftari la Birika likamwangukia mkononi. Alilifungua akiwa amesimama. Alipofika jiwe la kumi na saba, palipoandikwa kwa penseli ya mpimaji aliyeshafariki, "kutoka hapa mpaka unafuata katikati ya mto," ilibidi akae juu ya boksi. Alijua papo hapo alichokifanya, na alijua nani alikuwa ng'ambo ya ule mto, maana alikuwa amechora hata nyumba zao, vijisanduku vidogo vyeusi, kimoja kimoja.

Alipanda ngazi akiwa amekata shauri la kusema. Ngazi zilikuwa kumi na tisa, na kufikia ya mwisho shauri lilikuwa limepoa. Mzee Rula alibakiza miezi minne astaafu. Bi Kalamu akajiambia kwamba hataliharibu jina la mzee wa watu dakika za mwisho. Lilikuwa neno zuri, na akajificha chini yake kama mtu anavyojificha chini ya mwavuli. Daftari akalisukuma droo ya tisa, chini kabisa, chini ya karatasi ya kufunika mbao. Mzee akastaafu kwa hotuba na saa ya ukutani, na siku hiyo Bi Kalamu alilia mbele ya watu mpaka wakamshika mabega. Kisha yeye akapewa kiti chake. Sasa jina la kuharibika lilikuwa lake peke yake, na akatambua kwa aibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliogopea tangu mwanzo.

Barua zilianza kuja kutoka ng'ambo ya mto. Moja aliijibu mwenyewe. "Mipaka iliyoonyeshwa kwenye ramani ni sahihi," aliandika, na chini yake akaweka sahihi yake ndogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema watu, lakini hawasemi juu ya yule anayeupaka ufa chokaa.

Jumanne karani wa mapokezi aliomba ruhusa kwenda kung'oa jino, na Bi Kalamu akakaa dirishani badala yake. Mtu wa kwanza kuja alikuwa mwanamke wa makamo, fundi cherehani, ambaye alikuwa ametoka nyumbani kwa haraka hata futi ya kupimia bado ilining'inia shingoni mwake.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri, karibu."

"Nimekuja kwa habari ya shule."

"Shule siyo hapa, dada yangu. Hapa ni ramani."

"Najua. Shule ndio walionileta kwenu." Fundi aliweka mkoba juu ya kaunta. "Mimi nyumba yangu iko hapa, shule iko hapo. Kengele ikigongwa nadhani inagongewa chumbani kwangu. Lakini mwanangu wa kwanza alipofika umri, mwalimu alifungua kitabu akasema nyinyi si wa kata hii, nyinyi ni wa ng'ambo. Basi mtoto akawa anavuka mto kwenda shule na kuvuka mto kurudi, viatu mkononi. Alivuka miaka mitano. Mwaka wa tano mto ukamchukua."

Bi Kalamu alishika ukingo wa kaunta. "Ukamchukua?"

"Waliokuwa wanafua wakamtoa. Begi ndilo lililokwenda moja kwa moja. Nikasema basi, sikuzaa nigawane na mto. Nikamkalisha kwenye cherehani. Ana miaka kumi na saba sasa, na mkono wake mzuri kunishinda mimi. Lakini yule hakuwa mtoto wa cherehani. Alikuwa mtoto wa hesabu, hata walimu wake walikuja nyumbani kunibembeleza."

Bi Kalamu alipiga hesabu yake mwenyewe, na hakuhitaji penseli. Miaka kumi na saba toa kumi. Siku ile alipokaa juu ya boksi kule stoo, mtoto huyo alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Kama ngazi zile zingekuwa chache kidogo, angesoma hapo hapo kengele ilipo.

"Sasa nina wa mwisho," aliendelea fundi. "Anaanza shule mwaka ukifunguka. Huyu simvushi. Kama ni kukaa nyumbani, atakaa. Nimekuja mara ya mwisho, nijue moja." Alitoa barua iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaikunjua kwa uangalifu. "Miaka ile nilijibiwa hivi."

Bi Kalamu alisoma mstari wa kwanza, na hakuwa na haja ya kusoma wa pili. Aliuandika mwenyewe.

"Mlisema ramani ni sahihi. Mimi ramani siijui, dada. Nionyeshe tu niione kwa macho yangu."

Alimpeleka kwenye ramani kubwa ya ukutani. Fundi alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kioo, akaufuata mpaka kwa kidole, polepole, kama anayefuata mshono. Alipofika kwenye mdomo alisimama.

"Huu amechora mtu?"

"Watu ndio wanaochora."

"Basi huyu alikuwa hatazami kitambaa," alisema fundi. "Mimi hapa naona mkono wa blauzi. Mwili wote amekata vizuri, kwa utulivu kabisa, amefika begani akawaza nguo nyingine. Wanaojifunza kwangu wakikata hivi huwa nawajua."

Bi Kalamu alifungua kinywa kusema, na kilichotoka kilikuwa, "Nenda nyumbani, dada. Nitalifuatilia." Hayo ndiyo maneno ambayo ofisi ile iliyatumia kuzikia mambo, na aliyasikia yakitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Hata mwaka ule mliniambia hivyo," alijibu fundi, bila hasira, akakunja barua yake.

Jioni hiyo nyumbani, mume wa Bi Kalamu, fundi saa aliyejulikana mtaani kwa mdomo usiopumzika, alimkuta amesimama jikoni mbele ya birika lililokwisha kuchemka zamani.

"Hilo birika limekukosea nini? Miaka yote unalitazama kama mama mkwe."

Hakucheka. Akamwambia yote, tangu doa la buluu hadi futi shingoni mwa fundi cherehani. Mume alisikiliza amesimama, kisha akakaa, na akanyamaza kwa muda ambao hajawahi kunyamaza tangu waoane. Bi Kalamu alitamani amkemee. Kukemewa kungekuwa na mwisho.

"Na mzee wako anajua?" aliuliza hatimaye.

"Hajui."

"Basi anza huko. Usiende kwa mkuu wa ofisi kabla hujamwendea mwenye sahihi."

Jumatano baada ya kazi alibisha hodi kwa Mzee Rula. Macho ya mzee yalikuwa yameshapotea karibu yote, lakini mgongo ulikuwa bado umenyooka. Mbele yake juu ya meza vilitandazwa vipande kumi na vinne vya mbao. Alivikata mwenyewe kwa msumeno mwembamba zamani, Bi Kalamu akiwa bado mgeni kazini, kila kata kipande chake, na sasa alivipanga na kuvipangua kwa vidole, kuipa akili kazi, kama alivyosema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kalamu wangu. Kaa. Nipe kipande chochote, nikwambie ni nani."

Alimpa Birika. Mkono wake ulijichagulia. Mzee alikizungusha mara moja.

"Birika. Tumbo hili, kishikio hiki. Na kimdomo chake kifupi."

"Mzee," alisema Bi Kalamu, "kwenye karatasi mdomo si mfupi."

Vidole vikasimama. Akamweleza, akitazama meza. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. 

"Nilikwambia ushuke stoo," alisema mzee.

"Uliniambia."

"Ukashuka?"

"Sikushuka."

"Daftari uliliona lini?"

"Miezi minne kabla hujastaafu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo siku ile ya hotuba, unalia pale mbele mpaka mke wangu naye akalia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Tulidhani ni mapenzi."

Bi Kalamu alitaka kusema kwamba yalikuwepo na mapenzi pia. Badala yake alisema, "Sikutaka kuliharibu jina lako, mzee."

"Acha hayo." Sauti ya mzee ilipanda kwa mara ya kwanza. "Jina langu nilijua kulilinda mwenyewe. Ungeniambia, ningekwenda kwa miguu yangu kuwaambia watu wale, wakati huo miguu ilikuwepo. Leo ninakaa hapa nachezea mbao kama mtoto, nikijisifu kwamba sijawahi kumhamisha mtu kwake. Kumbe kuna watu huko wanalitaja jina langu kila mvua ikinyesha."

"Naomba unisamehe."

"Mimi si wa kwanza kwenye foleni hiyo," alisema Mzee Rula. Alipapasa meza, akakitafuta kiganja cha Bi Kalamu, akakiweka ndani yake kile kipande cha mbao. "Chukua. Ukiwafikia, uje uniambie wamesemaje. Kabla ya hapo usije."

Alipotoka aliziona zile kata nyingine mezani, na pengo upande wa mashariki.

Alhamisi asubuhi alivuta droo ya tisa, akainua karatasi ya chini, akatoa daftari. Lilikuwa limeshika kutu kwenye pini zake. Alilipeleka kwa binti wa kompyuta, akalifungua kwenye jiwe la kumi na saba, kisha wakaenda wote wawili kwa mkuu wa ofisi, mwanamume mpole aliyechukia mambo yanayohitaji karatasi mpya.

"Miaka kumi na miwili," alisema mkuu. "Si tungeacha tu? Watu wameshazoea."

"Tuliozoea ni sisi."

"Unajua nitalazimika kukuandikia onyo? Umebakiza miaka michache. Utaondoka na barua hiyo badala ya ile ya pongezi."

"Niandikie. Na mimi nimeshaandika yangu." Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na mistari mitano. Ilisema kwamba mstari ule aliuchora yeye kwa kichwa bila kusoma daftari, kwamba aligundua kosa miaka miwili baadaye na akalificha, kwamba barua iliyotumwa ng'ambo ilikuwa ya uongo na yeye ndiye aliyeiandika, na kwamba mkuu wa zamani alitia sahihi kwa sababu alimwamini. Mkuu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema shule zote mbili zitapata barua kabla ya mwezi kwisha.

Binti wa kompyuta alirudi kwenye meza yake, akaishika ile nukta ya mwisho ya mdomo kwenye skrini, akaiburuta mpaka mtoni. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua dirisha. Bi Kalamu alikuwa amejiandaa kuhisi nafuu, na nafuu haikuja. Alichohisi ni kwamba ilikuwa rahisi hivyo siku zote.

"Mama," alisema binti, bila kugeuka, "mimi ningekuuliza tena Ijumaa." Haikujulikana kama alikuwa anamfariji au anamwambia ukweli.

Jumamosi alipanda pikipiki, akazunguka kwa barabara ya daraja kubwa, mwendo wa karibu saa nzima, mpaka kwenye nyumba zile. Alizitambua kwa jinsi zilivyokaa, kijisanduku baada ya kijisanduku. Kengele ya shule ilikuwa imening'inia kwenye nguzo, hatua kama mia mbili kutoka kibarazani kwa fundi. Mtoto mdogo alikuwa anacheza na vifungo ndani ya kopo. Binti mkubwa alikuwa kwenye cherehani, na hakuacha kukanyaga mgeni alipokaribishwa.

Bi Kalamu alikataa kiti mpaka amalize. "Mpaka umerudishwa mtoni," alisema. "Mtoto atasoma hapo. Barua inakuja, na nakala nimekuletea mwenyewe." Fundi alishika kifua kwa mikono miwili, akaanza kushukuru, na Bi Kalamu ikabidi amkatize, kwa sababu shukrani zile zilimuunguza. "Usinishukuru, dada. Aliyewaza nguo nyingine ni mimi. Mstari ule niliuchora mimi. Na barua ile niliiandika mimi."

Cherehani ikanyamaza.

Mikono ya fundi ilishuka kutoka kifuani, ikakosa pa kukaa, ikashika futi. "Nilikusimulia mtoto wangu alivyotolewa majini," alisema, "na wewe unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

"Ulijua lini?" Aliyeuliza alikuwa binti, kutoka kwenye cherehani.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno laini, na Bi Kalamu aliiona, kama alivyoziona nafasi zote za nyuma. "Nilijua ulipokuwa darasa la kwanza," alisema.

Binti alikuwa wa hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Kisha alinyoosha mkono, akaomba kile kipande cha mbao ambacho mgeni alikuwa amekikamata muda wote bila kujua. Alikigeuzageuza.

"Ni nini?"

"Ni kata ya ng'ambo. Sisi tunaiita Birika. Hili tumbo, hiki kishikio, huu ndio mdomo wake, unaishia hapa. Unaona?"

Binti alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mdomo, pale mbao ilipoingia na kutoka kwa mapindo madogo madogo.

"Mimi naona mto tu," alisema, akamrudishia.

Hawakumfukuza, na hawakumpa maji. Fundi alisema barua ameipokea, akaingia ndani na mtoto. Bi Kalamu aliaga mlango. Pikipiki ilikuwa imeshaondoka, naye hakutaka kuita nyingine. Alishika kinjia kilichoteremka, kilichokanyagwa na nyayo ndogo mpaka kikawa kigumu, akafika mtoni. Yalikuwa majira ya kiangazi na bado maji yalikuwa yakienda kwa nguvu kati ya mawe. Alivua viatu, akavishika mkononi, akainua gauni. Akatafuta jiwe la kuanzia, akaelekeza mguu kwenye jiwe jeusi.

Alisikia hatua nyuma yake. Binti alikuwa amesimama juu ya ukingo, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya blauzi yake, uso haujalegea hata kidogo.

"Pita kushoto," alisema. "Hilo jeusi usilikanyage. Hilo ndilo lililoniangusha."